Gari Lisilolala

Jumanne, 5 Machi

Muuguzi wa kituo cha kusafishia damu amenipa kazi. Niandike kila siku Baba amekunywa maji kiasi gani, na uzito wake kabla na baada ya mashine. Daftari nimelichukua masjala, ambako ninapanga majalada. Hakuna atakayelitafuta.

Uzito kabla: kilo 64. Baada: 61 na nusu. Maji: nusu lita, na kipande cha barafu cha kumumunya.

Kurasa ni nyingi, basi nitaandika na mengine. Tuko watatu nyumbani. Baba ni dereva wa malori mstaafu, figo zake zilikufa mwaka jana. Mimi ni binti yake mkubwa, nina miaka arobaini na moja. Wa tatu ni mdogo wangu, ambaye Baba alimbandika jina la Bwana Kesho, kwa kuwa ukimtuma leo atakwenda kesho. Kiwanda cha uchapaji alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, sasa anashinda nyumbani. Mama alifariki miaka minne iliyopita.

Gari alilinunua Baba alipostaafu. Ni mtumba lakini la kisasa, halichomekwi ufunguo. Ufunguo ukiwa mfukoni, ukigusa mlango unafunguka. Unabonyeza kitufe, linawaka. Alipoanza kuishiwa nguvu ghafla nilimnyang'anya ufunguo. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama basi likipita.

Kila Jumanne na Ijumaa tunatoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mashine inaanza saa moja, inamshika kwa saa nne.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 7 Machi

Maji: nusu lita. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Kabla 63. Baada 61. Sindano ilikosa mshipa mara mbili. Baba alitazama ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Gari halikuwaka. Nilibonyeza kitufe, taa za dashibodi zikawaka kidogo kisha zikafifia. Baba alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na blanketi lake magotini. Jirani alikuja na waya za kubusti, tukafika tumechelewa kwa saa moja na nusu. Kituoni hawaongezi muda, mgonjwa wa zamu inayofuata naye anasubiri. Kwa hiyo Baba alisafishwa kwa saa mbili na nusu tu.

Nimemwambia Bwana Kesho kwamba najua anakaa ndani ya gari mchana akisikiliza redio. Akasema hawezi hata kulifungua, ufunguo si ninao mimi? Nikamwambia Jumamosi nilimwachia alioshe. Akakubali Jumamosi. Akakataa siku nyingine zote.

Jumatano, 13 Machi

Hatusemezani. Maji: nusu lita na vijiko viwili.

Ijumaa, 15 Machi

Halikuwaka tena. Jirani, waya, kuchelewa. Baada: 62 na nusu, badala ya 61. Muuguzi aliniuliza kama nyumbani kuna tatizo. Nikasema ni betri.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemleta fundi umeme wa magari kutoka barabara ya pili. Mtaa mzima unamwita Ampea. Ni mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya mwekundu, na anaongea na betri kama anavyoongea na watu.

Alifungua boneti, akasugua vichwa vya betri, akapima. Akasema betri ni ya kizee lakini bado ina meno. Ataipeleka kibandani kwake aichaji, airudishe jioni. Kisha akaniuliza ufunguo ninauweka wapi. Nikamwonyesha msumari ulio ukutani, hatua tatu kutoka kwenye gari.

"Hapo ndipo mnapokosea," akasema. "Magari haya hayana tabia ya magari ya zamani. Likijua ufunguo uko karibu, linakaa macho. Linauliza, upo? Ufunguo unajibu, nipo. Usiku kucha wanaulizana hali. Gari lisilolala linakunywa betri mpaka tone la mwisho. Ufunguo uweke mbali, tena ndani ya kopo la bati, lisiusikie."

Aliyasema haya amesimama chini ya dirisha la Baba, maana gari linaegeshwa ubavuni mwa chumba chake. Ampea akauliza kama kuna ufunguo wa pili. Baba akajibu mwenyewe kutoka ndani, kwamba ulipotea mwaka ule ule alionunua gari.

Nimeuhamishia ufunguo jikoni, upande wa pili wa nyumba, ndani ya kopo la majani ya chai.

Jumanne, 19 Machi

Limewaka mara moja. Tumefika mapema. Kabla 65, baada 62.

Baba hakufurahi wala hakununa. Njiani aliniuliza kama kopo lina mfuniko. Nikasema linao. Akasema vizuri.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Baba amekaa dirishani akiitazama. Nusu lita kwa siku, na maji yote yale yanapita nje kwenye mfereji. Niliona anameza mate.

Ijumaa, 22 Machi

Limewaka kwa shida.

Jumanne, 26 Machi

Halikuwaka. Jirani amesafiri. Tulipata teksi saa moja na nusu.

Ufunguo ulikuwa kwenye kopo. Kopo lilikuwa jikoni. Nimemuuliza Bwana Kesho kwa utaratibu, kama anavyoulizwa mtumishi aliyepoteza jalada. Anautoa saa ngapi? Akasema, "Dada, mimi gari hilo sitaki hata kuliegemea." Sikumwamini. Asubuhi hiyo nilifikiri kwamba nimeishi naye miaka thelathini na simjui.

Ijumaa, 29 Machi

Ampea ameichaji betri tena jana, kwa hiyo limewaka. Anasema anashangaa. Niko tayari kununua betri mpya lakini ameniambia nisubiri. Ukimwekea mlevi chupa mpya hujamtibu.

Sasa ufunguo nakwenda nao kazini na nalala nao chumbani kwangu, mbali na gari.

Jumapili, 31 Machi

Maji: nusu lita. Sijisikii chochote. Nimepiga pasi shati la Baba mara mbili, sikukumbuka kwamba nimeshalipiga.

Jumanne, 2 Aprili

Halikuwaka. Mvua ilinyesha tangu juzi bila kukata, na barabara ya kuja kwetu imefurika. Teksi ya kwanza ilikataa, ya pili haikupokea simu. Tulikaa sebuleni tumevaa. Saa tatu muuguzi akapiga simu, akasema kitanda amempa mwingine, atatujaribia Alhamisi jioni. Baba akavua viatu mwenyewe. Akaenda kulala, na alilala kama mtoto mpaka saa nane mchana.

Bwana Kesho alitoka chumbani kwake akauliza kama tumekosa. Nilimwambia, "Siku Baba akifa, uje usikilize vizuri hiyo redio yako." Alichukua ufagio akaenda kusukuma maji yaliyoingia kizingitini.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu muuguzi atauliza.

Asubuhi miguu ya Baba ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Hakutaka chai. Uzito 67. Nilikwenda kazini, maana kitanda kilikuwa cha saa kumi na moja jioni.

Saa nane Bwana Kesho alinipigia. Akasema Baba anapumua kama anayepanda ngazi ilhali amekaa. Nilifika saa nane na nusu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Niliwasha gari. Nilijua halitawaka, lakini nilibonyeza. Halikuwaka.

Bwana Kesho aligeuka akachuchumaa mbele ya kitanda, akasema, "Panda, mzee." Nikamsaidia Baba kumkumbatia shingoni. Tukatoka kwenye mvua, mimi nyuma na mwavuli, mwavuli ukapinduka kwenye kona, nikautupa. Maji yalifika magotini pale penye daraja dogo. Ndala moja ya mdogo wangu ilichukuliwa na maji, akaendelea na mguu mmoja peku. Alikuwa akimwambia Baba hesabu za hatua. Mia moja arobaini, mzee. Mia moja hamsini. Baba mara mbili aliinua kidole kusema anasikia.

Kwenye barabara kubwa gari la mikate lilisimama. Tukakaa nyuma, katikati ya trei. Harufu ya mkate wa moto ilikuwa nzuri, na nilitambua kwamba ni nzuri, kisha basi. Sikulia wala sikuomba. Nilikuwa nahesabu trei. Zilikuwa kumi na nane.

Kituoni walimwekea hewa, wakamtia kwenye mashine moja kwa moja. Walimtoa lita nne za maji. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angezama ndani ya mapafu yake mwenyewe.

Bwana Kesho alikaa kwenye benchi, mguu mmoja una ndala. Nilitaka kumwambia kitu. Nilimpa leso.

Ijumaa, 5 Aprili

Baba amerudi nyumbani. Uzito 63. Jirani amerudi safari, ndiye aliyetuleta.

Jumamosi, 6 Aprili

Masjala hufanya kazi Jumamosi mpaka saa saba. Saa nne mdogo wangu alinipigia. Alisema yuko kwenye gari na Ampea, amemwita mwenyewe, hawezi kuendelea kuitwa muuaji.

"Dada, ufunguo uko wapi?"

"Kwenye mkoba wangu. Naushika."

"Una hakika unaushika?"

"Nauona."

"Basi subiri." Nikasikia mlio wa mlango. "Ampea amegusa mlango, umefunguka. Gari limefunguka, dada, na wewe uko huko."

Simu akaichukua Ampea. Alisema pole pole kwamba amepima, na gari likiwa limefungwa linakunywa zaidi ya ampea moja ya umeme, wakati lililolala halinywi hata sehemu ya kumi. Mlango wa upande wa barabara haufunguki ukiguswa. Unaofunguka ni wa upande wa ukuta, wenye dirisha. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama," akasema. "Ufunguo wa pili haukupotea. Uko hatua mbili kutoka hapa niliposimama. Mimi naondoka, yaliyobaki si ya fundi."

Nilirudisha majalada matatu mahali pake kisha nikaomba ruhusa.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini. Alisema yeye haingii kumpekua baba yake. Nikaingia mimi. Baba alikuwa macho. Sikupekua. Nilivuta pazia, na ufunguo ulikuwa juu ya kingo ya dirisha, umelala juu ya kitambaa chake cha mkono, kama mtu anavyoweka meno ya bandia.

"Tangu lini, Baba?"

Aliniambia nikae. Alisema mwanzoni hakukusudia. Nilipomnyang'anya ule mmoja, alitoa wa pili kwenye koti la zamani akauweka chini ya mto, apate tu kuushika. Tarehe kumi na mbili gari likagoma, na siku ile alikaa kwenye mashine muda mfupi kuliko siku zote. Hakujua sababu. Kisha Ampea akaja akaisema sababu pale pale chini ya dirisha lake.

"Tangu hapo nikawa nauweka dirishani," akasema. "Siku nyingine ninakuhurumia, nauficha kwenye kopo la dawa. Gari linawaka."

Nilimwuliza kama anajua kwamba angekufa juzi.

"Mashine ile inanitoa damu, inaiosha, inanirudishia," akasema. "Lakini inanirudishia mimi yule yule, mama. Nimechoka naye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungenikubalia. Nakujua. Ungekubali, kisha ungelibeba peke yako mpaka unazeeka. Nikasema, gari likigoma hakuna mwenye kosa."

Nikamwambia mwenye kosa alikuwepo. Alikuwa amekaa kizingitini, na kosa alilibeba wiki nne, kisha akambeba na Baba mwenyewe.

Mvua ilikuwa ikigonga paa la gari. Baba akasema, "Niitie."

Sikukaa kusikiliza. Nilikwenda jikoni kuosha sufuria. Ukuta ni mwembamba, kwa hiyo nilisikia Baba akimwita mdogo wangu kwa jina lake halisi, ambalo halijatumika humu ndani miaka mingi, na kumwomba radhi. Mdogo wangu akasema yamekwisha. Kisha akaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima wa miaka thelathini. Nikasikia wivu. Ndicho kitu cha kwanza nilichosikia mwezi huu.

Jumapili, 7 Aprili

Nilimwomba mdogo wangu radhi na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Akasema, "Dada, kula kwanza."

Jumanne, 9 Aprili

Gari limewaka. Funguo zote mbili ziko jikoni. Kabla 64, baada 61.

Tumemwona daktari sote watatu. Alimwuliza Baba mara tatu, kwa maneno tofauti, kama ni huzuni, kama ni maumivu yanayoweza kutulizwa, kama ni kuona anatusumbua. Baba alijibu mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Daktari, nimeendesha miaka thelathini na moja, najua tofauti ya kusinzia na kuamua kulala." Daktari akaandika. Alitueleza itakavyokuwa Baba akiacha mashine: wiki moja, labda mbili, usingizi mwingi, dawa za kumpunguzia tabu ya pumzi. Alieleza vizuri. Nilishukuru kama anayeshukuru kwa risiti.

Mdogo wangu alikataa. Alikataa hapo, akakataa kwenye gari, akakataa nyumbani.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamefikia mwafaka, wenyewe. Baba atakwenda mara mbili zaidi, kwa ajili ya mwanawe. Mdogo wangu aliomba kumi. Baba alianza na sifuri.

Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu ndiye aliyekaa naye saa zote nne. Kabla 64. Baada 61 na nusu. Walinicheka nilipokuja kuwachukua, sikuambiwa sababu.

Jumanne, 16 Aprili

Ya pili.

Ijumaa, 19 Aprili

Niliamka saa kumi na moja. Nilijua hatuendi, lakini nilivaa na kutoka, nikabonyeza kitufe. Liliwaka mara moja, kwa sauti nzuri kuliko siku zote. Nikakaa ndani, mikono kwenye usukani. Nilifikiri, nikiingia nikimwambia limewaka, twende, atakuja. Atavaa viatu aje, kwa ajili yangu, maana kwa mdogo wangu alikwenda mara mbili.

Dirisha lake lilikuwa wazi. Alikuwa ameamka.

"Limewaka?" akauliza.

"Limewaka."

Aliniachia uamuzi.

Nikazima.

Nilipoingia aliniomba maji. Nilijaza kikombe mpaka juu. Alikunywa polepole, macho amefumba, akanipa kikombe, nikajaza tena. Sikuandika kiasi.

Jumapili, 21 Aprili

Jua kidogo. Tumempakia Baba garini, mdogo wangu akaendesha, tumezunguka mpaka kwenye gereji ya zamani ya malori na kurudi. Baba alimwelekeza njia nzima: shika gia, punguza gia. Gari halina gia za kushika. Mdogo wangu aliitikia kila mara, ndiyo mzee, akisogeza mkono hewani.

Jumanne, 23 Aprili

Analala zaidi. Muuguzi amekuja nyumbani kumwona, siku yake ya mapumziko, hakutumwa na mtu.

Alhamisi, 25 Aprili

Amemwita Mama. Mara mbili.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba amefariki saa tano asubuhi. Nilikuwa naanika mashuka, mdogo wangu alikuwa amemshika mkono. Nilimaliza kuanika ndipo nikaingia.

Jumapili, 28 Aprili

Tumezika jana. Watu walikuwa wengi, madereva wazee, Ampea amevaa koti. Waliniambia nimejikaza. Sijajikaza. Hakuna kitu cha kukaza.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua imekatika kabisa. Niliamka saa kumi na moja bila kengele, nikavaa, nikatoka, nikawasha gari. Injini ikiwa inanguruma ndipo nilipogundua kwamba sina ninapokwenda.

Mdogo wangu alitoka na mswaki mdomoni. Alinitazama, akatema povu kwenye majani, akafungua mlango wa upande wangu.

"Sogea, dada."

Nikasogea. Alitoa gari barabarani, hakuniuliza wapi. Tulipita mbele ya kituo. Mlinzi akatutambua akainua mkono, kisha akakumbuka akaushusha. Baada ya hapo sijui tulipita wapi.

Niliposhtuka jua lilikuwa kali, gari limezimwa, tuko mbele ya ofisi yangu. Ilikuwa saa tatu kasoro. Wenzangu walikuwa wanapita kuingia ndani. Mdogo wangu alikuwa amekaa vile vile, wima, hakusogea hata kufungua kioo, kwa sababu kichwa changu kilikuwa begani mwake.

Bega la shati lake lilikuwa limelowa. Sijui kama ni udenda au nililia usingizini.